Daraja la Chuma: Tuulize Kwanza Habari za Mto

Kila masika yanapokwisha, halmashauri za wilaya hupokea maombi yale yale: kijiji fulani kimekatwa na mto, lori la kuchukua pamba halifiki, mgonjwa huvushwa mabegani. Na jawabu linalotajwa upesi siku hizi ni moja: liletwe daraja la chuma, lile linalotengenezwa kiwandani vipande vipande na kuja kuunganishwa mtoni. Sisi hatulikatai jawabu hilo. Twaona kwamba kwa barabara nyingi zipitazo magari machache ndilo jawabu jema. Linalotutia wasiwasi ni namna daraja hilo linavyochaguliwa. Mazungumzo huanza na bei ya chuma na kuishia kwenye upana wa mto, na mambo yaliyo chini ya maji huachwa mpaka mafuriko yaje kuyafichua.

Si jambo dogo. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, una dhamana ya zaidi ya kilomita 140,000 za barabara. Fedha hazitoshi wala hazitatosha upesi. Daraja moja lililochaguliwa vibaya huondoka na fedha ya vijiji viwili au vitatu vingine.

Yafaa tukumbuke asili ya daraja hili. Mhandisi Mwingereza Donald Bailey alilibuni mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ili majeshi yaweze kuvuka mito ambayo madaraja yake yamevunjwa. Paneli moja ilikuwa na urefu wa futi 10, na askari sita waliweza kuichukua kwa mikono. Kreni haikuhitajiwa: daraja liliungwa ukingo huu, kisha likasukumwa juu ya rola mpaka likagusa ukingo wa pili. Sifa hizo ndizo zinazolifanya lifae mashambani hata leo. Lakini lile la Bailey lilifanywa kwa ajili ya vita, yaani kwa ajili ya miezi, si kwa ajili ya vizazi. Chuma chake kilipakwa rangi tu, na sakafu yake ilikuwa ya mbao.

Basi anayetaka daraja la kudumu asiuziwe la muda kwa jina la kudumu. Na aulize: Je, chuma kimechovywa katika zinki, pamoja na pini na boliti zake, au kimepakwa rangi itakayobanduka baada ya masika machache? Karibu na bahari swali hili ni kubwa zaidi, maana hewa ya chumvi haina subira na chuma. Sakafu ni ya nini? Mbao ni nafuu siku ya kununua, lakini huoza, na ubao mmoja uliooza wakati wa usiku watosha kumvunja mguu ng'ombe au mtu. Mabati mazito ya chuma hudumu, ila yawe na michirizo ya kuzuia utelezi. Zege hudumu zaidi, lakini uzito wake lazima uhesabiwe tangu mwanzo, si kuongezwa baadaye kwa sababu diwani mmoja amependezwa nalo.

Juu ya uzito wa magari, watu wengi hudanganyika kwa namna mbili. Wako wanaosema kwamba barabara ya kijiji hupitiwa na pikipiki na gari dogo, hivyo daraja jepesi latosha. Wako wengine wanaotaka daraja la kubeba lori la tani 56, ambao ndio upeo ulioruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Hao wote hawajatazama nini hasa hupita. Lori la ekseli tatu, lile la matairi kumi ambalo hubeba mchanga, mbao na mazao, laruhusiwa kufika tani 26. Hilo litafika kijijini siku daraja litakapofunguliwa, hata kama leo haliko, kwa sababu barabara huwa na magari machache ama kwa kuwa watu ni wachache, ama kwa kuwa mto umewafungia. Na kama iko mizani katika barabara kuu, huko kijijini hakuna. Mhandisi lazima aache akiba.

Wala isidhaniwe kuwa madaraja yote yaliyo na paneli za aina moja yana nguvu sawa. Nguvu hutoka katika mpango wake: paneli moja kila upande, au mbili, au zilizopandishwa juu ya nyingine. Daraja lile lile likirefushwa kwa mita chache pasipo kuongezwa paneli, mzigo linaouweza hupungua. Kwa hiyo kuhamisha daraja la mto huu kwenda mto mwingine ulio mpana zaidi, kwa kuongeza vipande vichache, ni hatari mpaka hesabu ifanywe upya.

Upana nao una neno. Kwa barabara ya magari machache, njia moja ya mita nne hivi yatosha kabisa; gari moja lingoje jingine. Fedha ya njia ya pili ni afadhali itumike kwenye misingi, na kwenye ujia wa pembeni wa watu wa miguu. Anayehesabu magari peke yake husema barabara ni tupu, lakini siku ya gulio aende akahesabu wanawake wenye mizigo vichwani, baiskeli, bodaboda na mifugo.

Sasa tuje mtoni kwenyewe, maana huko ndiko madaraja hufia. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani ya kusini, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika mahali kadha na wasafiri wakakwama. Kama barabara kuu yaweza kupatwa hivyo, ya kijiji itasalimikaje? Na mara nyingi chuma chenyewe hakivunjiki. Maji hula udongo ulio nyuma ya kuta za kingoni, daraja likabaki limesimama katikati kama meza, halifikiki upande wowote. Au maji huchimba chini ya msingi mpaka ukainama. Au magogo hukwama kwenye paneli, mto ukapata mahali pa kusukuma, na daraja zima likaondoka. Dawa ya hayo haiuzwi kiwandani. Ni kuwauliza wazee wa kijiji mafuriko makubwa yalifika mti gani, na kuyapima. Ni kuchimba mpaka kwenye mwamba au ardhi ngumu. Ni kuliinua daraja juu ya alama ile na kuacha nafasi ya magogo. Ni kuzijengea kingo mawe. Wala mto usibanwe kwa tuta refu ili kununua daraja fupi. Huo ndio ubahili ulio ghali kuliko wote, nasi twajua kwamba hupitishwa katika vikao kwa sababu hesabu yake hupendeza kwenye karatasi.

Yako pia mahali ambapo chuma hakihitajiwi. Mkoani Kigoma, kwa msaada wa Ubelgiji, yamejengwa madaraja ya mawe ya upinde, kwa mawe ya hapo hapo na mikono ya watu wa hapo hapo, kwa gharama iliyo chini sana ya zege na nondo. Kijito chembamba chenye mawe karibu na ardhi ngumu hakina sababu ya kungoja meli kutoka ng'ambo. Bali mto mpana, wenye kina, usioweza kusimamishiwa nguzo katikati, huo ndio mahali pa daraja la paneli.

Jambo la mwisho ni ulinzi. Boliti moja iliyong'olewa na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ina thamani ndogo kwa mwizi, lakini yaweza kuligharimu daraja. Mkataba utaje vipuri vitakavyoachwa wilayani, vifaa vya kukazia, na fundi atakayefundishwa kazi hiyo. Kamati ya kijiji nayo ipewe kazi ya kutazama baada ya kila mafuriko, na jina la mtu wa kupelekewa habari.

Tena tarehe zitazamwe. Misingi huchimbwa mto ukiwa chini, katika sehemu nyingi kati ya Juni na Oktoba. Chuma huagizwa na kusafirishwa kwa miezi, na udongo hupimwa kabla ya kuagiza. Halmashauri itakayotia sahihi mwezi Januari bila kupima udongo itapokea vyuma vyake Aprili, navyo vitalala ukingoni huku maji yakipita.