Kumwambia daktari si kumvua mzee stara



Leo hatukuja na mitindo ya shela. Tumekuja na ugomvi, mtuvumilie. Sisi ni wanawake wa visiwani tulioolewa huku Moshi. Tunashona nguo za maharusi karibu na soko la Mbuyuni, na wengi wetu tunaishi na wakwe zetu, au tunapanda mlimani kila wiki kuwatazama. Kuna neno moja limetuchosha: "Mambo ya nyumbani hayapelekwi hospitali."

Sisi tunasema yapelekwe.

Tazameni inavyokuwa. Mzee anashuka kutoka Machame kuja kliniki ya presha. Daktari anamwuliza, "Hujambo, mzee?" Anajibu, "Sijambo, alhamdulillah." Dawa anakunywa? Anakunywa. Karatasi inaandikwa, anarudi nyumbani. Nje kwenye benchi amekaa mkamwana anayejua kuwa vidonge vimejaa chini ya mto, kuwa mzee ameanguka bafuni mara mbili, na kuwa juzi alipotea njia ya kwenda kihambani kwake. Anayejua hakuulizwa, na aliyeulizwa hakusema.

Hatumlaumu mzee. Amelelewa kusema "sijambo" hata akiwa hoi. Hiyo ni adabu yake. Lakini adabu si kipimo. Sisi mafundi hatukati nguo kwa maneno ya mteja, tunashika futi.

Na haya si mambo ya nyumba moja. Wilayani Hai, hapa hapa chini ya mlima, watafiti waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: takriban 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti mwingine wa wazee wa Hai ulikuta karibu 7 katika kila 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wanajua. Ugonjwa wa kumbukumbu haujulikani kwa kumhoji mgonjwa peke yake. Daktari anahitaji mtu wa nyumbani amweleze: mzee alikuwaje zamani, na sasa yukoje? Anayesahau hawezi kuhesabu aliyoyasahau. Ukinyamaza, umemficha daktari nusu ya ugonjwa.

Watasema ni kusengenya. Dada zetu, tusome dini yetu vizuri. Hind bint Utba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, katika matumizi ya nyumba. Hakukemewa kwa kutoa ya ndani. Alipewa jibu la shida yake. Imam An-Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, pale ambapo haja ya kweli haipatikani ila kwa kusema. Kusengenya ni kumweleza shoga yako saluni kwamba mavyaa amejikojolea. Kumweleza daktari ni kumtafutia tiba, na kutafuta tiba tumeamrishwa.

Wengine watasema ni siri ya mgonjwa. Kweli, na siri hiyo tunaiheshimu. Daktari hatakiwi kukumwagia habari za mzee bila idhini yake. Lakini siri inamfunga daktari mdomo, haimzibi masikio. Sisi tumewahi kujibiwa katika hospitali moja, "Mgonjwa ana mdomo wake." Hilo si kulinda siri, ni kukwepa kazi. Kusikiliza hakutoi siri ya mtu.

Kuna hofu moja tunaikubali kuwa ni ya haki. Huku mlimani kuna kihamba. Ikisemwa kuwa mzee anasahau, wapo watakaokimbilia kugawana migomba kabla hajaaga dunia. Basi ndiyo sababu habari hii iende kwa daktari, isiende kwenye kikao cha ukoo wala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwenye kutaka ardhi hutangaza. Mwenye kutaka mzee apone humnong'oneza tabibu.

Tena kuna namna ya kusema. Kwanza mwambie mzee mwenyewe, kwa upole: "Baba, naomba leo nimweleze daktari kuhusu kule kuanguka." Akikubali, ingieni pamoja. Andika kwenye karatasi: nini umekiona, kilianza lini, hutokea mara ngapi. Beba dawa zote kwenye mfuko, za hospitali na za mitishamba, hata zile anazozificha. Ikikaribia Ramadhani na mzee ana sukari, sema kama anataka kufunga, mapema, ili daktari apange dawa au amshauri vingine. Usimwambie daktari "amerukwa na akili". Mwambie, "Aliniuliza jambo moja mara tano asubuhi." Wewe leta ulichokiona, jina la ugonjwa mwachie yeye. Na akikataa usiingie? Mpe muuguzi karatasi yako, uombe ifike kwa daktari. Mzee akiuliza, usimwongopee.

Nanyi mabibi harusi mnaokuja kupimwa magauni, mnafundwa mengi: kupika, kujipamba, kunyamaza. Huko kunyamaza kuna mipaka. Ukiingia nyumba ya watu, mara nyingi wewe ndiwe utakayewapikia na kuwafulia, na utaona kabla ya watoto wao walioko Dar es Salaam. Watakuambia wewe ni mgeni, usiseme. Sema, dada. Atakapoanguka kwa kiharusi, hawatauliza nani alikuwa mgeni; watauliza nani alikuwa nyumbani.