Malaika Tausi Hana Kesi ya Kujibu

Wayazidi wakitajwa tu, hakosi mtu wa kuuliza: "Si ndio wale wanaomwabudu shetani?" Huuliza kwa wepesi, kama anayeuliza bei ya nyanya. Ni swali lililokwisha kuua watu.

Wayazidi, ambao kitovu chao ni kaskazini mwa Iraki, wanaamini Mungu mmoja aliyeumba ulimwengu na kuukabidhi kwa malaika saba. Mkuu wao ni Tawûsî Melek, yaani Malaika Tausi. Katika simulizi yao mashuhuri, malaika waliamriwa wamsujudie Adamu. Tausi akakataa, kwa kuwa amri ya awali ilikuwa asimsujudie yeyote ila Mungu. Ulikuwa mtihani, naye akafaulu. Jirani aliyelelewa na kisa cha Ibilisi akakisikia kisa hicho, akambandika malaika wa mwenzake jina la adui yake mwenyewe. Tuhuma nzima imesimama hapo: kukisoma kisa cha watu kwa kamusi ya nyumbani kwako.

Watetezi wao nao wana kasoro. Hudai kwamba hii ni dini ya kale kabisa, safi, isiyochanganyika. Lakini Lalish, hekalu lao kuu, ndiko alikozikwa Sheikh Adi bin Musafir, sufi mzaliwa wa bonde la Bekaa aliyefariki karne ya 12. Usufi na imani za kale za milimani vilifumwa pamoja. Kuna aibu gani? Dini ipi haikukopa? Anayemtetea mtu kwa usafi wa asili yake anakiri kimyakimya kwamba asiye na usafi huo hana mtetezi.

Tena wanaambiwa hawana kitabu. Tenzi zao takatifu, qewl, zimeishi vifuani mwa waimbaji kwa vizazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilichapishwa vitabu viwili vilivyodaiwa kuwa msahafu wao. Wataalamu wanaviona vya kughushi. Sisi tuliofundishwa fasihi simulizi darasani tungepaswa kuwa wa mwisho kudhani kwamba kisichoandikwa hakipo.

Tarehe 3 Agosti 2014, kundi la Dola ya Kiislamu liliivamia Sinjar. Wanaume waliuawa kwa maelfu, wanawake na wasichana wakauzwa sokoni. Jarida la kundi hilo lilieleza kwa utulivu kabisa: hawa si watu wa Kitabu, basi ni halali kuwafanya watumwa. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka kuwa ni mauaji ya kimbari.

Wayazidi si malaika. Mwaka 2019 baraza lao la kiroho lilikubali kuwapokea manusura, lakini si watoto waliozaliwa kwa kubakwa utumwani. Kwa hilo walaumiwe, na wapo Wayazidi wanaowalaumu. Hiyo ni lawama ya haki, kwa sababu inahusu jambo walilolitenda. Lile swali la shetani linahusu hofu ya anayeuliza. Akajiulize mwenyewe.