Maoni: Yusuf Islam hakunyamaza
Hapo unaposema Yusuf Islam, yule mwimbaji aliyejulikana kama Cat Stevens, aliacha sanaa kabisa aliposilimu 1977 nakupinga, ndugu mwandishi. Mwaka 1995 alitoa The Life of the Last Prophet, masimulizi ya Mtume, na humo mna kasida ya Twala'al Badru, ile ile ya kwenye maulidi. Mimi niliisikia kwenye kaseti madrasa, wala sikujua kuwa huyo ndiye Cat Stevens. Kwa hiyo mashabiki wengine aliwapata baada ya kusilimu. Na wewe mchangiaji uliyemwita "mnafiki" hapo juu, eti kwa sababu alirudi na gitaa 2006: suala la uhalali wa ala za muziki katika Uislamu wanazuoni wenyewe bado wanabishana. Hata mwimbaji wetu Mzee Yusuf naye aliaga taarab 2016, kisha akarudi. Muwaache waimbe, jamani.