1KZ Ndani ya Land Rover ni Sawa, Lakini Breki Je?

Wasee, ile video ya Land Rover niliyopost mwezi uliopita ndiyo imetazamwa kuliko zote nimewahi kufanya, na mimi ndiye sitaki kuiona tena. Acha niwaambie kwa nini.

Kwanza, sina shida na kubadilisha injini. Kuna watu wanalia ati ukitoa ya Land Rover ukaweka ya Toyota umeua roho ya gari. Roho gani? Hiyo ni Series III, zile zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na kama nguvu za farasi 70 ikiwa mpya, na hii ilikuwa imebaki na moshi tu. Mwenyewe, mzee mmoja wa Kawangware, anaitegemea kwa kazi. Gari iliyopita miaka 8 haiingii Kenya kwa sheria ya KEBS, na hizo changa ni bei ya shamba. Lakini injini iliyotumika Japan unaipata Kirinyaga Road, Grogan kwa sisi wenyeji. Akanunua 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 yenye turbo ya Prado na Surf.

Fundi wetu hapa Kibera, upande wa Makina, aliifunga kwa wiki 3. Giaboksi ya Land Rover haijuani na injini ya Toyota, kwa hivyo alikata sahani nene ya chuma ya kuziunganisha, akipima mashimo kwa kadibodi, kisha akapima tena na tena, maana shafti ikikaa kando hata kidogo inaanza kula klachi na beringi. Akasogeza redieta. Waya za kompyuta ya injini zikamsumbua siku 4. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, na manze, pale ndipo niliona hesabu ikifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Ikawaka. Turbo ikipuliza, watoto wa ploti wakatoka mbio. Video yangu inaishia hapo.

Kile nilikata ni hiki. Tulikuwa tunampelekea mzee gari lake. Tukatoka Kibera, tukafika Dagoretti Corner, tukaingia Naivasha Road. Boda ikakata mbele yetu. Fundi akakanyaga breki, gari ikaendelea kama haijaambiwa kitu. Akapampu, akarudisha gia, tukasimama karibu kabisa na jiko la mama wa mahindi. Mama hakupiga kelele. Alituangalia tu, akarudi kugeuza mahindi yake. Sijawahi kuaibika hivyo. Fundi akaniambia, "Breki ni bajeti ya mwezi ujao, mwenyewe alisema." Nikafika nyumbani nikaitoa hiyo sehemu, ati inaharibu video.

Sasa sikia. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukitoka 60 hadi 100 kwa saa, mwendo haujafika hata mara 2, lakini joto ambalo breki inabeba limepanda karibu mara 3. Hiyo gari iko na dramu kwa magurudumu yote manne, zilipangwa kwa farasi 70. 1KZ inatoa zaidi ya 120. Dramu zikichemka zinalegea, na hapo bado uko tambarare. Shuka Corner Baridi kwenda Magadi hivyo, uone.

Mtaniambia Rhino Charge, tangu 1989, imejaa magari ya zamani yenye injini za kuwekelea. Kweli. Lakini huko gari linakaguliwa kabla ya kuanza, na porini hakuna mama wa mahindi.

(Na namba ya injini iko kwa logbook. Ukiibadilisha bila NTSA kujua, siku ya ajali ndiyo utajua bima ni nini.)

Simlaumu fundi. Yeye anafunga kile amelipwa kufunga. Mteja ndiye anapanga bajeti, na anapanga kulingana na kile ameona kwa simu. Ameona nini? Turbo, moshi, kijana akicheka. Hiyo tumemuuzia sisi, mimi nikiwa mbele, na nililipwa kwa hiyo. Kwa hivyo kuanzia sasa, injini yoyote nitapost, mtaona pia gari ikisimama. Kama haisimami, mtaona hiyo.

Kile kipande nimekirudisha. Mzee amekiona, akanyamaza kwa simu muda mrefu, akasema gari irudi Makina. Tunatafuta busta ya breki, na zile dramu kubwa za inchi 11 za Series ndefu, ile 109, badala ya hizi za inchi 10. Jumamosi tuko Grogan. Kama mtaani kwenu kuna 109 iliyokufa na bado iko na magurudumu yake, niambie.