Pilipili ikae kando ya sinia

MAFIGA MATATU
Na Zainabu Mhina

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani kwa mama, Chanika, Handeni. Tulikaa mkekani watu saba, sinia moja ya ugali, bakuli moja la kunde zilizoungwa kwa nazi. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka minne, alimega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatulia. Akameza kwa shida, machozi yakamlengalenga, akanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji. Baada ya hapo hakuchovya tena. Alikula ugali mkavu mpaka tukanawa mikono, na hakuna aliyemsemesha, maana mtoto anayekula kimya huhesabiwa kuwa anakula vizuri.

Kunde zile alizipika wifi yangu, na zilikuwa tamu kweli. Yeye ni mtu wa Pangani, nazi anaijua tangu tumboni mwa mama yake. Alitwanga pilipili kichaa pamoja na kitunguu saumu, akazikaanga kabla ya kutia nyanya, kama mumewe, kaka yangu, apendavyo. Simlaumu. Amefanya kama tunavyofanya karibu sote: mpishi anapima ukali kwa ulimi wake au wa baba mwenye nyumba, kisha wengine wote wanalazimika kuufuata.

Mimi nasema chungu kipikwe kwa ajili ya ulimi mlaini kuliko zote zilizo mkekani, na pilipili ikae kando. Anayeitaka aizidishe mwenyewe. Kuiongeza kunawezekana wakati wowote. Ikishachemka ndani ya mchuzi, hakuna wa kuitoa.

Wala si jambo geni. Kwa mama ntilie yeyote hapa mjini, pilipili iko kwenye kibakuli chake pale mezani, na mteja hujitilia. Muuza mihogo ya kukaanga huchana kipande, hushika kijiko, halafu huuliza: nikutilie? Ukifika Forodhani kule Unguja ukaagiza urojo, utaulizwa hivyo hivyo. Mgeni asiyejulikana jina wala kwao anaulizwa ulimi wake unataka nini. Mtoto wa ndani haulizwi.

Akikataa, tunasema anadeka. Neno hilo linaniuma, kwa sababu si kweli. Ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au sukari, ni maumivu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, katika chuo kikuu kimoja cha California, walikitambua kipokezi kwenye mishipa ya fahamu ambacho huamshwa na kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili. Kipokezi hicho hicho huamshwa na joto linalounguza, kuanzia nyuzi 43 hivi. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Sisi lugha yetu ilikwishasema zamani kwamba pilipili inachoma, inawasha, inawaka moto. Ulimi wa mtoto unapomwambia anaungua, ni kweli unamwambia hivyo. Na anayekula pilipili kila siku, hisia hiyo humpungua kidogo kidogo. Kwa hiyo kaka yangu akionja na kusema haiwashi, amepima mazoea yake. Hajampimia yule mtoto.

Wapo wanaoniambia kwamba chakula bila pilipili si chakula chetu. Nawaomba wakumbuke kwamba pilipili hizi, kichaa na mbuzi na hoho, asili yao ni Amerika. Hazikuvuka bahari kuja huku kabla ya safari za Columbus na Wareno, miaka mia tano na ushee iliyopita. Mahindi ya ugali wetu nayo yametoka huko huko. Pwani ilikuwa na pilipili manga, lakini kunde, mtama na mlenda wa wazee wetu vilitangulia ukali huu wa leo.

Kuna sababu nyingine ya pilipili ambayo haisemwi, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Handeni ni nchi ya ukame. Nilipokuwa mdogo, mvua zikikatika, bibi alikuwa anaongeza pilipili kadiri mboga ilivyopungua. Mchuzi mkali unatowelewa kwa ncha ya tonge. Kijiko kimoja kinateremsha nusu ya ugali. Bakuli dogo lilitosha watu kumi. Namheshimu bibi kwa akili ile, ilitulisha. Lakini sasa najua kwamba pilipili ndiyo iliyokuwa ikigawa, na mgao wake haukuwa wa haki. Kaka zangu wakubwa walichovya hadi chini. Sisi wadogo tulimaliza kwa ugali na maji. Kunde ndiyo nyama ya asiye na nyama, humo ndimo mna cha kumjenga mtoto, na mtoto ndiye aliyezikosa. Kama mboga ni chache, basi ipakuliwe waziwazi, kila mtu na upawa wake kwenye kibakuli, tuone nani amepata nini.

Kwa jikoni, yapo niliyojifunza. Dada wa pwani huweka pilipili mbuzi nzima, na kikonyo chake, juu ya mchuzi unaochemka taratibu, bila kuitoboa. Harufu yake yote inaingia, ukali unabaki ndani, na kabla ya kupakua anaiopoa. Ikipasuka, basi tena, kwa hiyo usikoroge kwa nguvu. Ukitaka kuipunguza makali kabla ya kupika, ipasue utoe ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukali umejaa humo kuliko kwenye mbegu zenyewe. Na kama mchuzi umeshaharibika, usiongeze maji ukidhani umeokoa kitu. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ongeza tui zito, au kunde nyingine zilizochemshwa bila kitu. Mtoto aliyeungua naye usimpe maji, mpe maziwa. Hapa Chanika hatuna kisingizio, kina mama wa Kimasai wanatuletea.

Tena tusichanganye pilipili na viungo. Iliki, mdalasini na karafuu vinalimwa mkoani kwetu, kule Amani, Muheza, na pilau iliyokolea viungo hivyo mtoto anaila bila kutoa chozi. Kupunguza ukali si kupika chakula kilichopooza.

Nasikia pia watu wakisema pilipili imewatia vidonda vya tumbo. Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa Australia waliopata Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, na bakteria hao wanatibika kwa dawa. Lakini mwenye kidonda tayari, kama mama yangu, pilipili inaweza kumtonesha. Mama naye Jumamosi ile alikula kidogo. Hakulalamika, mkamwana ndiye aliyepika.

Nilizungumza na wifi baadaye, tukiosha vyombo, sisi wawili tu. Alishtuka. Akasema, wifi, mbona hamkuniambia? Kaka ndiye aliyekuwa na neno: pilipili mbichi ya kutwangwa na ndimu, akasema, si sawa na iliyoiva ndani ya mchuzi. Ana haki. Pilipili iliyokaangwa na nyanya ina utamu wake, na mwanamume aliyetoka shamba naye ana ulimi wa kuheshimiwa. Basi Jumapili wifi aliunga kunde kwa nazi na bizari peke yake. Pembeni, kwenye kikaango kidogo, akakaanga nyanya, kitunguu saumu na pilipili zake mpaka mafuta yakaelea juu, akazitia kwenye kibakuli na kukiweka mbele ya mumewe.

Mtoto alichovya mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili akachota kunde kwa vidole vitatu. Mama akajisogeza karibu na bakuli. Tulipokaribia kumaliza, yule mtoto akakitazama kibakuli cha mjomba wake, akapeleka ncha ya kidole, akalamba. Akakunja uso, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kunde zake.