Tembo Lile Lile, Mbona Mmoja Alewa?

Mangweni huko Majoreni wawili hunywa tembo la mnazi sawasawa, kata kwa kata. Mmoja kichwa kimeshamzunguka, mwenzake yu mkavu kama aliyekunywa maji. Wa kwanza huchekwa, wa pili husifiwa kuwa ndiye dume. Je, sifa hiyo ni ya haki?

Ukiacha chakula na uzito wa mtu, siri nyingine imo katika ini. Kimeng'enya cha kwanza hugeuza kileo kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu. Cha pili huiondolea sumu hiyo makali. Kasi ya vimeng'enya hivi hutegemea jeni tulizorithi kwa baba na mama. Kwa Wachina, Wajapani na Wakorea wengi, kile cha pili ni dhaifu: bilauri moja tu, uso unawaka na moyo unakwenda mbio. Baadhi ya Waafrika nao wamerithi cha kwanza chenye kuvunja kileo haraka zaidi.

Basi asiyelewa upesi asijivune. Mwili haumpi onyo, naye huongeza kata juu ya kata. Wataalamu wameona kuwa watu kama hao ndio huelekea zaidi kutekwa na pombe. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya.

Kwa hiyo mzazi, kijana wako akikataa kata, usimwite mwoga. Huenda mwili wake unamwambia kweli.