Spea Haipo, au Jina Ndilo Halipo?

Wadau, leo naweka kompyuta kando nizungumzie pawasoo kuukuu, ile misumeno ya injini inayopasua magogo kwa mafundi wa majahazi huku Lamu.

Wengi husema mashine ya miaka ya 1970 ni ya kutupa kwa sababu spea zimekwisha. Mimi sikubaliani. Mara nyingi spea ipo, ila tunaiita kwa jina lisilo lake. Mpigie muuzaji wa Mombasa umwombe "cheni ya Stihl ya zamani", atakwambia hana. Sasa mtajie namba tatu: hatua ya cheni (pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa 2), unene wa meno ya chini yanayopita kwenye mfereji wa bamba, na idadi ya meno hayo. Hapo chapa haina neno.

Kabureta nayo ni vivyo hivyo. Viwambo vyake vya raba vikikauka, injini haivuti petroli. Lakini vinauzwa kwa namba ya kabureta yenyewe, kwa mfano Tillotson HL, si kwa jina la msumeno.

Sisi waandishi wa programu tunalijua hili: faili "haipatikani", kumbe jina limekosewa herufi moja. Tofauti ni kwamba huku kosa ni ghali. Mzigo unakuja kwa basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti, ndipo fundi anagundua hauingii.

Rai yangu: kabla ya kuota programu ya simu, kila karakana ya Matondoni iwe na daftari la namba hizi. Mzee akistaafu, mashine isistaafu naye.